Tusiwe na Pupa ya Kushangilia

Juzi baada ya sala ya isha, barazani petu, kijana mmoja anayesomesha fizikia alitusimulia kwamba, kwa hesabu za wanafalaki, ulimwengu ulianza kutanuka yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita, na mzee mmoja, ambaye kikombe cha kahawa hakijamfika mdomoni, akakirudisha juu ya sinia akanena kwa furaha kuu kwamba basi wataalamu wamesalimu amri, maana kisichokosa mwanzo hakikosi Muumba. Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza kwa adabu, lakini niliporudi nyumbani usingizi ulinipaa, kwani naiona furaha ile kuwa na hatari kuliko hasira ya wanaoikana elimu waziwazi.

Aliyeitambua hatari hiyo mapema alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akaongeza kwamba yamkini asili yake ni chembe moja tu. Basi Papa Pius wa Kumi na Mbili alipowahutubia wanazuoni wa Vatikani, Novemba 1951, akaielekeza falaki hii mpya kuwa ushahidi wa uumbaji, ungalidhani padri yule angalijaa fahari. Hasha! Aliudhika, akapeleka nasaha kwa watu walio karibu na Papa. Na wanafalaki walipokusanyika Roma, Septemba 1952, Papa aliwahutubia asilirudie dai lile.

Padri alijua kwamba nadharia yake ilikuwa bado imo vitani. Fred Hoyle wa Uingereza, ambaye ndiye aliyeibandika jina la Mlipuko Mkuu redioni mwaka 1949, alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na katika kuipinga kwake haikukosekana chuki ya dini. Lau angalishinda, imani iliyofungwa kamba kwenye nadharia ile ingalizama nayo. Wala kesi hiyo haikukatwa kanisani wala msikitini. Mwaka 1964, huko New Jersey, wataalamu wawili, Penzias na Wilson, walisikia mvumo usiokoma katika chombo chao cha kunasia mawimbi, chenye umbo la pembe kubwa. Wakawashuku njiwa waliotua ndani yake, wakawafukuza, wakakwangua kinyesi chote, na mvumo usiondoke. Kumbe lilikuwa ni vuguvugu lililosalia tangu zama za mwanzo wa ulimwengu.

Nasi tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Imamu Ghazali, aliyewakabili wanafalsafa kitabuni kwa hoja kali akithibitisha kwamba ulimwengu si wa kadimu, alitahadharisha katika kitabu hicho hicho kwamba mwenye kubishana na hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini huidhuru dini yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kijana na asomeshe hesabu zake bila ya kutishwa kwa moto, naye asijidanganye kwamba kueleza jinsi ulimwengu ulivyotanuka ndiko kueleza kwa nini pakawa na cha kutanuka. Na mzee asiikopeshe imani yake kwa mwanafalaki ambaye kesho, kwa insafu ya kazi yake, huenda akaifuta hesabu ya leo. Nikijaaliwa kumkuta tena barazani, nitaanza na habari ya njiwa.