Embe Nalo ni Chakula cha Wakubwa

SAFU: KUTOKA UFUKWENI
Na Skolastika Ndunguru

Desemba iliyopita nililala Ngumbo kwa mjomba. Usiku kucha upepo wa Ziwa Nyasa ulitikisa miembe, maembe yakawa yanaanguka juu ya bati, puu, puu. Kulipopambazuka watoto walijaza mashati yao, nguruwe wakamaliza yaliyobaki. Mjomba, ambaye presha imemwandama miaka mingi, alikunywa chai ya sukari kwa andazi. Nilipompelekea embe, alitabasamu. "Hayo ya watoto, mwanangu."

Kauli hiyo nimeizoea mwambao huu wote, na nasema wazi kwamba inatuumiza.

Tunda lina nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Hufika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima. Huko bakteria rafiki huzila na kutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo, na choo hulainika. Nyuzinyuzi laini za mapera na machungwa hunasa nyongo, ini likalazimika kuchota lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Potasiamu ya ndizi na papai nayo husaidia figo kutoa chumvi, na presha hushuka.

Somo hili la nyuzinyuzi lina mizizi hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Baadaye yeye na mwenzake Hugh Trowell waliieleza dunia kwamba maradhi mengi ya utumbo na moyo yaliyoenea Ulaya yalikuwa nadra kwa Waganda, na kwamba nyuzinyuzi za chakula zilikuwa sehemu ya siri hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia Wachina karibu nusu milioni, ulikuta kwamba waliokula matunda kila siku walikuwa na presha ya chini, na vifo vyao vya maradhi ya moyo na mishipa vilipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko wasioyagusa au walioyala kwa nadra. Ni kweli, walaji hao walikuwa pia na kipato na elimu zaidi, hivyo tusilipe tunda sifa zote. Wala tunda si mbadala wa dawa, na mwenye figo mbovu au kisukari aulize kwanza kliniki.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku: mathalani embe moja, ndizi moja na fungu la matembele. Maembe yakiisha, kuna mapapai, mapera, ndizi za milima ya Mbinga na masuku ya porini.

Siku ya kuondoka nilimenya maembe mawili, nikayakata vipande na kuyapanga kwenye sinia, kando ya ugali wa muhogo na dagaa, nikaliweka mkekani walipokaa wanaume. Mjomba alinawa, akala samaki, kisha mkono ukaenda kwenye embe. Hakuna aliyesema neno. Akina mama wenzangu, tuanzie hapo: tunda likikaa kwenye sinia la wakubwa, wakubwa watalila.