Spishi Isiyongoja Mlima wala Bahari

Vitabu vyetu vya baolojia vikifika kwenye kuzuka kwa spishi mpya, hukimbilia Galapagos: ndege wametenganishwa na bahari mpaka wakashindwa kuzaana. Mwanafunzi wa Kahawa Wendani, kwenye maghorofa yaliyoota palipokuwa mashamba ya kahawa, hubaki akidhani kwamba bila bahari hapatokei spishi. Ndiyo maana toleo hili tumelifungua kwa mbuni.

Mbuni wa arabika una wazazi wawili: robusta na Coffea eugenioides, mbuni wa mwituni unaoota hata leo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kila mzazi ana kromosomu 22. Mamia ya maelfu ya miaka iliyopita walichanganyika, seti zote zikabaki ndani ya mmea mmoja wenye kromosomu 44. Papo hapo mlango ukafungwa. Mmea huo ukizaa na mzazi wake yeyote, mtoto hupata 33, idadi isiyoweza kujipanga jozi kwa jozi wakati wa kutengeneza chavua na mayai. Kwa kawaida mtoto huyo ni tasa.

Sasa mpweke huyo angezaa na nani? Hapa ndipo penye uhondo. Robusta hukataa chavua yake yenyewe, lakini arabika hujichavusha, mara nyingi hata kabla ua halijafunguka. Ilijitosheleza, ikaenea. Gharama yake ni kufanana mno: chulebuni, ugonjwa wa matunda ya mbuni ambao wakulima wa Kiambu huuita CBD tu, ulipoonekana Kenya mwaka 1922, mibuni mingi haikuwa na kinga.

Kinga ilitoka kwenye ufa wa mlango uleule. Kisiwani Timor, miaka ya 1920, ulipatikana mbuni uliochanganya arabika na robusta, una kromosomu 44 na unazaa. Watafiti wa kahawa wa hapa Ruiru waliingiza urithi wake katika aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Kwa kuwa arabika hujichavusha mapema, mbegu ya Ruiru 11 huzalishwa kwa mkono: tumba la ua hufunguliwa kabla ya wakati, sehemu za kiume huondolewa, kisha hupakwa chavua ya mbuni mwingine.

Kwa hiyo mimi siikubali fasili ya darasani kwamba spishi mbili haziwezi kabisa kuzaana. Inatosha mchanganyiko uwe adimu kiasi kwamba kila upande unaendelea na njia yake. Ruiru 11 ina urithi wa robusta, lakini kwa kromosomu zake na kwa soko pia, ni arabika.