Msimwite Mwoga

Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndipo alipokaa Dakta Livingstone mwaka 1872. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la simba aliyemjeruhi kusini mwa Afrika mwaka 1844. Aliandika kwamba simba alipomtikisa hakusikia maumivu wala hofu, akawa kama mtu aliyepewa dawa ya usingizi.

Mwingine angepiga mayowe. Je, Livingstone alikuwa shujaa zaidi? Sisi hatudhani hivyo, hakuchagua. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Hiyo huamsha mwili penye hatari: moyo hudunda, jasho hutoka, miguu hukimbia au hukakamaa. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso husaidia kuituliza. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba utendaji wa sehemu hizo hutofautiana mtu na mtu, kwa kurithi na pia kwa mambo yaliyompata.

Basi mtoto anayekakamaa radi ipigapo, au anayeogopa njia ya kupita miyomboni kwenda shule, asichapwe eti akomae. Fimbo humwongezea tishio la pili. (Na sisi akina baba tunaowacheka, nani kati yetu hajawahi kumkimbia nyoka asiye na sumu?) Mshikeni mkono, piteni naye hatua chache leo, kesho zaidi. Akikosa usingizi na kukataa shule majuma kadhaa, mpelekeni kituo cha afya. Hofu ya namna hiyo hutibika.