Macho Mekundu Si Kipimo

KUTOKA MZUNGUKO
Na Beno Sikazwe

Ukitaka kumtoa kijana kwenye kikosi hapa Sumbawanga, huna haja ya kusubiri aharibu mechi. Mnong'oneze kiongozi mmoja tu kwamba dogo anavuta bangi. Hakuna atakayekuuliza ulimwona wapi, lini, wala akiwa na nani. Jumamosi jina lake halitasomwa, na ikifika Jumatatu mtaa mzima unajua sababu.

Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye ndondo, Julai, ule mwezi ambao upepo wa uwanda wetu unabeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa na kulimwaga uwanjani. Kocha alimshika kidevu beki wake wa kulia, akamgeuza uso kuelekea jua. "Tazameni wenyewe macho haya," akawaambia viongozi wenzake. Tukatazama. Kweli yalikuwa mekundu. Yangu mimi pia yalikuwa mekundu, na ya kocha vilevile, maana vumbi halichagui. Isitoshe, yule kijana riziki yake ni matofali, na usiku ule alikuwa amekesha akichochea kuni kwenye tanuru. Hakuulizwa. Alivua jezi akaikabidhi. Aliyeingia badala yake alikuja akinuka komoni ya jana yake. Huyo tulimcheka, tukampigia makofi, akacheza dakika zote tisini.

Sisemi yule beki havuti. Huenda anavuta. Ninachouliza ni kama mchezaji anayevuta bangi anastahili adhabu ya kimichezo, na kama anastahili, nani aitoe, kwa ushahidi gani na kwa kiasi gani. Jibu langu nalitanguliza ili tusizungushane. Akiingia uwanjani akiwa na stimu, aadhibiwe. Adhabu iwe fupi, iwe imeandikwa kabla ya kosa, na itanguliwe na kipimo. Yaliyobaki ni ya daktari, ya wazazi, na pale sheria ya nchi inapoguswa, ni ya polisi. Kocha hayamhusu.

Wapo watakaodhani naleta ulegevu. Basi tuwatazame wale wakali kuliko wote, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Zisizoruhusiwa Michezoni, WADA. Hawa hawajaiondoa bangi kwenye orodha yao. Septemba 2022 walitangaza kwamba wameipitia upya na inabaki. Lakini soma masharti. Bangi imekatazwa wakati wa mashindano tu, na kwa hesabu yao mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Kinachopimwa ni mabaki ya bangi kwenye mkojo, na yasipovuka kikomo cha nanogramu 150 kwa mililita, mchezaji hana kesi. Hadi mwaka 2013 kikomo hicho kilikuwa 15. Wakakipandisha mara kumi, kwa sababu walikuwa wanawanasa watu waliovuta siku nyingi nyuma, wakati shida yao ni yule aliyevuta siku ya mchezo.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Bangi hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya msokoto wake wa mwisho. Kwa hiyo mkojo utakuambia kwamba mtu alivuta, ila siku na saa hautakuambia. Ikiwa chupa mbili za sampuli zilizofungwa kwa lakiri, zikapelekwa maabara iliyoidhinishwa kama ile ya Bloemfontein, Afrika Kusini, bado zinahitaji kikomo na tahadhari yote hiyo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuhukumu kwa kumwangalia mtu machoni?

Adhabu nayo imepungua. Zamani bangi ingeweza kumfungia mwanamichezo hadi miaka 2. Tangu Januari 2021, akithibitisha kwamba aliitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kujiongezea uwezo, anafungiwa miezi 3. Akikubali kutibiwa na kumaliza programu, inashuka hadi mwezi 1. Linganisha na wanaoiba ushindi. Jirani yetu Asbel Kiprop wa Kenya, bingwa wa mita 1,500, alifungiwa miaka 4 kwa dawa ya EPO inayoongeza damu. Ruth Chepng'etich, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake kule Chicago mwaka 2024, alifungiwa miaka 3 Oktoba 2025 baada ya kukutwa na dawa ambayo inaweza kuficha dawa nyingine. Mwezi 1 kwa miaka 4: wakali wenyewe wameshatenganisha mwizi na mtovu wa nidhamu. Huku kwetu bado tunawafunga kamba moja.

Hata hiyo adhabu ndogo inaweza kuuma kupita kiasi. Juni 2021, Sha'Carri Richardson wa Marekani alishinda mita 100 kwenye majaribio ya Olimpiki, jimboni Oregon, ambako bangi ni halali kwa mtu mzima. Kipimo kikaonyesha alikuwa ameivuta. Hakukana. Alieleza kwamba mama yake mzazi alikuwa amefariki siku chache kabla, na kwamba taarifa ya msiba aliipata kwa mwandishi wa habari katikati ya mahojiano. Alifungiwa mwezi 1 kuanzia Juni 28, ukamalizika kabla mita 100 za Tokyo hazijaanza. Lakini ushindi wake wa majaribio ulikuwa umefutwa, na nafasi yake ya mita 100 ikaenda na ushindi huo. Hakukimbia Tokyo kabisa. Miaka miwili baadaye, Budapest, alitwaa ubingwa wa dunia kwa sekunde 10.65. Kama viongozi wa Marekani wangekuwa na tabia zetu, wangemwita mvuta bangi na kumwacha alikoangukia, na mbio zile zisingekuwepo.

Wapenzi wa soka wana mfano wao. Ufaransa ilipobeba Kombe la Dunia mwaka 1998, ilikuwa na makipa watatu kikosini. Wawili kati yao, Fabien Barthez na Bernard Lama, waliwahi kufungiwa kwa sababu ya bangi, Barthez akiwa Monaco na Lama akiwa Paris Saint-Germain. Walitumikia adhabu zilizokuwa na mwanzo na mwisho, wakarudi kazini. Ubingwa wa taifa lao ulikaa salama mikononi mwa mtu ambaye hapa Sumbawanga asingeruhusiwa kudaka kombe la mbuzi.

Marekani sasa ligi zao zimekwenda mbali zaidi. Besiboli iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa zake za kulevya mwishoni mwa 2019. Ligi ya kikapu, NBA, iliacha kuipima kwa makubaliano ya mwaka 2023. Sishauri tufuate njia hiyo. Wale wana majimbo yaliyoihalalisha. Sisi tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo haina mzaha na bangi, iwe shambani, ghalani au mfukoni. Mchezaji si mtu wa juu ya sheria. Akikamatwa na kete, atajibu mahakamani kama dereva wa bodaboda anavyojibu. Ninachokataa ni klabu kujigeuza mahakama ya pili isiyo na ushahidi wala rufaa.

Nimewasikia pia wazee wangu wanaosema samaki mkunje angali mbichi. Wanaona ukimwonea huruma mmoja, kumi watafuata, na watoto wa shule wanaokuja kutazama mazoezi watajifunza nini? Hoja hii ina uzito, na siidharau. Bangi kwa kijana ambaye akili yake bado inakomaa si jambo la kuchekea. Inapunguza umakini na kumchelewesha mtu kufanya uamuzi. Bondia mwenye stimu ulingoni anaweza kuuawa, na dereva wa mashindano mwenye stimu anaweza kuua. Ndiyo maana nasema siku ya mchezo marufuku ibaki. Lakini kukunja samaki ni kazi ya mikono, na inataka uwe naye karibu. Kijana uliyemfukuza timu Jumamosi unamkunja wapi? Saa kumi jioni, muda aliokuwa akitumia kukimbia na kupiga danadana, sasa atakuwa kijiweni na wale wale unaosema walimharibu. Mazoezi yalikuwa sababu pekee ya yeye kulala mapema.

Halafu tuseme ukweli kuhusu pombe. Nyani haoni kundule. Pombe iliwahi kukatazwa na WADA katika michezo michache kama kulenga shabaha kwa upinde na mbio za magari, ikaondolewa kwenye orodha mwaka 2018. Hapa kwetu, Simba, Yanga na Taifa Stars zote zimewahi kuvaa udhamini wa bia ya Kilimanjaro, na sisi tukaununua ule mzigo wa jezi kwa furaha. Sina ugomvi na mdhamini, pesa yake ilisaidia. Ila benchi la ufundi linalomvumilia kiungo aliyekesha kwenye kilabu cha pombe, kisha likamtimua beki kwa macho mekundu, halilindi mchezo wala afya. Linachagua tu ulevi unaolikera.

Na wakati tunaviziana kwa misokoto, hatari inayoweza kummaliza mwanamichezo wa Ufipa inauzwa duka la dawa. Hydrochlorothiazide iliyomfungia Chepng'etich miaka 3 ni kidonge cha kawaida cha shinikizo la damu. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikunywa dawa ya msaidizi wake wa nyumbani. Utetezi huo haukumnusuru. Tramadol, dawa ya maumivu ambayo vijana wanapeana kama peremende, imekatazwa siku za mashindano tangu Januari 2024. Septemba 2025 tulishangilia Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, na vijana wanaopandisha milima ya Mbizi asubuhi na baridi lote lile wana haki ya kuota kufika huko. Siku wakifika, mtu wa sampuli atawasubiri. Je, kuna kocha aliyewaambia habari ya vidonge? Tumewafundisha kuogopa kunuka moshi, basi.

Watu wataniambia hayo ni ya Olimpiki, sisi ni wa ndondo. Hapana. Oktoba 22, 2020, Tanzania Prisons waliifunga Simba, bingwa mtetezi wa ligi kuu, bao 1-0 hapa hapa Sumbawanga, kwenye uwanja wa Nelson Mandela. Kila kijana aliyekuwa jukwaa la mzunguko siku ile alijua kwamba njia kutoka viwanja vyetu vya vumbi hadi ligi kuu si ndefu kama alivyodhani. Njia hiyo ina swali moja ambalo kila mtafuta vipaji huliuliza kabla hata ya umri wa mchezaji: "Tabia yake ikoje?" Akijibiwa "anavuta", basi, hakuna majaribio, hakuna nauli ya kwenda Mbeya. Kufungiwa na WADA kwa bangi kuna tarehe ya mwisho. Kufungiwa na mtaa hakuna. Kwa hiyo adhabu kali zaidi ya bangi michezoni inatolewa hapa kwetu, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa.

Chama cha soka cha mkoa kinaweza kulimaliza hili kabla ya msimu kwa ukurasa mmoja wa kanuni. Kwanza, klabu isimfungie mchezaji kwa tuhuma ya kulewa chochote bila kipimo au bila mashahidi wawili waliomkuta akitumia, na apewe nafasi ya kujieleza. Vipimo vya haraka vya mkojo vipo, ingawa navyo visichukuliwe kama saa ya kuonyesha alivuta lini. Pili, atakayefika uwanjani akiwa hajiwezi, kwa bangi au kwa komoni, asicheze siku hiyo na akose mechi inayofuata. Kosa moja, adhabu moja, bila kujali kileo. Tatu, anayerudia apelekwe kwa daktari, aendelee kufanya mazoezi na wenzake wakati anatibiwa. Nne, anayeuza kambini akabidhiwe polisi, maana huyo si mgonjwa bali ni mfanyabiashara. Tano, jina la aliyetuhumiwa lisitamkwe kwenye kipaza sauti cha uwanja.

Nawajua makocha wetu. Wengi wanafundisha bure, wananunua mipira kwa fedha zao, na wakimtoa kijana wanaamini wanaiokoa timu. Siwalaumu kwa kuichukia bangi, hata mimi siipendi. Nawadai kitu kimoja: kiongozi anayetaka kumnyang'anya kijana jezi aje na ushahidi mkononi, na amwambie kijana huyo ni lini atarudishiwa. Asiyeweza kutaja tarehe ya kumrudishia hajatoa adhabu. Amemtupa.