Mashariki mwa Kongo: mtoto akikua, mzazi anafurahi na kuogopa

Mjini Goma, mzazi anatambua kwamba mtoto wake amekua siku anapopandisha bidoni ya litre 20 kutoka ziwani bila kupumzika njiani. Sauti imekuwa nzito, suruali ya shule ya mwaka jana imekuwa fupi. Mama anacheka na kumshukuru Mungu. Usiku, mama huyo huyo anakosa usingizi.

Sababu inajulikana. Katika Kivu na Ituri, kijana wa miaka 14 mwenye mabega mapana hupimwa kwa urefu wake, si kwa miaka yake. Mwenye bunduki akimkuta njiani, haoni mwanafunzi. Anaona mpiganaji, awe wa upande wake au wa adui. Methali inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini hapa malezi mema peke yake hayatoshi kumlinda.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi, polisi au kikundi cha silaha, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mwaka 2012, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 kwa sababu ya kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri.

Kwa hiyo umri si jambo dogo. Lakini umri unahitaji karatasi. Sheria inataka mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Wazazi wengi hawakufanya hivyo, na wengine waliacha vyeti nyumbani walipokimbia vita. Siku 90 zikipita, inabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu, na safari hiyo inadai pesa ambazo mkimbizi wa ndani hana.

Kuna watakaosema karatasi haizuii bunduki. Ni kweli. Lakini kijana akikamatwa, au akitoroka msituni, karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ni mtoto wa kurudishwa shuleni, si mfungwa wa vita.

Anayetawala mji au kijiji, awe nani, anapaswa kuwapa watoto hao vyeti bila malipo, hata waliochelewa. Wazazi nao wasingoje: wamwandikishe mtoto angali mdogo, na wamweleze mapema kijana anayekua hatari iliyopo, badala ya kumfungia tu ndani.

Mzazi asilaumiwe kwa kuogopa. Walaumiwe wale waliofanya urefu wa mtoto uwe hatari kwake.