Rais Mpya wa Wasabato, Kura Ile Ile: Tuache Kuangalia Amerika

Tangu Julai 2025 kuna maneno mawili nasikia kila mahali vijana Wasabato wamekutana. Kundi la kwanza linasema, "Sasa mambo yatabadilika, tumepata rais mpya." La pili linasema, "Huyu ataharibu kanisa, tuombe." Mimi nimekulia kwa hili kanisa, Pathfinda mpaka kwaya ya vijana, na maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yanaangalia mlango usiofaa. Mambo hayaamuliwi pale wanapoangalia.

Kama hujui hii story, wacha nikupe kwa ufupi. Kanisa la Waadventista Wasabato huwa na mkutano mkuu wa dunia kila baada ya miaka 5. Ule wa 2020 uliahirishwa kwa sababu ya korona, ukafanyika 2022. Uliofuata ulikuwa Julai 2025, mji wa St. Louis, Marekani. Hapo ndipo Ted Wilson, aliyekuwa rais tangu 2010, alitoka. Baba yake, Neal Wilson, pia alikuwa rais, kuanzia 1979 hadi 1990. Aliyeingia ni Erton Köhler kutoka Brazil, rais wa kwanza kutoka Amerika Kusini. Kabla ya hapo alikuwa katibu wa kanisa la dunia, na kabla ya hiyo kazi aliongoza kanisa la Amerika Kusini kwa miaka mingi. Aliwahi kusimamia idara ya vijana huko pia, na ndio maana wengi wetu tulipata matumaini.

Matumaini ni sawa. Lakini hebu tuulize swali rahisi: rais wa hili kanisa anaweza kubadilisha nini?

Jibu ni kwamba kwa mafundisho, hawezi kubadilisha kitu peke yake. Huyu si Papa. Hata jinsi anavyopatikana si kama siasa zetu. Hakuna kampeni, hakuna mabango, hakuna fulana. Kuna kamati ya uteuzi inayotoka kwa wajumbe wa pande zote za dunia. Kamati inaleta jina moja, wajumbe wanapiga kura ya kukubali ama kukataa. Na mafundisho nayo yanapita kwa wajumbe hao hao. Imani za msingi zilipitishwa Dallas 1980 zikiwa 27. Ya 28 ikaongezwa 2005, St. Louis. Mwaka wa 2015, San Antonio, maneno ya kadhaa yakarekebishwa, kama ile ya uumbaji na ile ya ndoa. Kila mara ni wajumbe walioinua kadi ama kupiga kura. Kwa hivyo ukitaka kujua kanisa linaelekea wapi, usitazame sura ya rais kwa picha. Uliza wajumbe ni kina nani na wanatoka wapi.

Na hapa ndipo story inaanza kutuhusu.

Chukua ile hoja moto zaidi: kuwawekea wanawake mikono wawe wachungaji kamili. Imeenda kwa kura ya dunia mara tatu. Mwaka wa 1990, Indianapolis, waliokataa walikuwa 1,173 na waliokubali 377. Mwaka wa 1995, Utrecht, Uholanzi, swali lilibadilika kidogo. Amerika Kaskazini iliomba kila divisheni ijiamulie. Waliokataa 1,481, waliokubali 673. Mwaka wa 2015, San Antonio, swali la kila divisheni kujiamulia likarudi: 1,381 wakakataa, 977 wakakubali. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Waliokataa walitoka kama 76 kwa kila 100, wakaja 69, wakaja 59. Bado "hapana" imeshinda mara zote tatu, lakini haisimami pahali pamoja.

Sasa, kuna watu kwa TikTok hupenda kusema hii ni vita ya wazungu. Ati wazungu wa kihafidhina wanabana wanawake, ama wazungu huria wanaleta mambo ya dunia kanisani, inategemea umefungua video gani. Lakini kanisa hili si la wazungu tena kwa idadi. Lina washiriki zaidi ya milioni 22, na Afrika ina mamilioni ya hao. Kenya pekee tumepita milioni moja. Ndio maana 2013 tuligawanywa tukawa na yunioni mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Makao makuu ya divisheni yetu yako hapa Nairobi. Wajumbe wa Afrika wanapoenda hiyo mikutano hawaendi kupiga picha. Kura yao ina uzito, na kwa hii hoja sauti nyingi zilizosikika kutoka bara letu zilikuwa za "hapana". Iwe ulifurahia matokeo ya 2015 ama ulilia, usitafute mchawi Marekani. Sehemu kubwa ya hilo jibu ilitoka nyumbani.

Msimamo wangu? Nitausema wazi ili usinitafute kwa komenti. Mimi naona mwanamke aliyesomea teolojia, akaitwa, akahudumu na matunda yakaonekana, hakuna sababu ya kumwacha kwa ngazi ya kando huku mwenzake waliyesoma darasa moja anawekewa mikono. Na naona ni ajabu kwa kanisa letu, kati ya makanisa yote. Ellen White, ambaye maandishi yake tunayasoma kila siku, alikuwa na miaka 17 alipopata maono ya kwanza mwishoni mwa 1844. Hakuna binadamu aliyewahi kumwekea mikono, lakini kanisa lilimpa kitambulisho cha mhudumu aliyewekwa wakfu. Na Sabato yenyewe? Waadventista wa kwanza kuishika waliletewa habari na mwanamke anaitwa Rachel Oakes, Mbatisti wa Siku ya Saba, huko New Hampshire. Kumbe jina letu lote, "Wasabato", lilipita mikononi mwa dada mmoja aliyekataa kunyamaza.

Lakini pia nitasema haki ya upande wa pili. Wanaokataa si wajinga, na si wote wanachukia wanawake. Wengi wanasoma maneno ya Paulo na mpangilio wa uumbaji wakiwa na roho safi, na wanaogopa kwamba ukilegeza hapa, kesho utalegeza kwingine. Kanisa lenyewe liliunda kamati ya watu zaidi ya 100 kusoma hii hoja. Mwaka wa 2014 wakamaliza wakiwa na misimamo mitatu tofauti. Kama wasomi waliokaa na Kiebrania na Kigiriki muda huo wote hawakukubaliana, basi wewe na mimi tupunguze kuitana waasi kwa kundi la WhatsApp.

Kinachoniudhi ni ile hoja ya "mafundisho yetu hayajawahi kubadilika." Tafadhali. Unajua Wasabato wa kwanza walikuwa wanaanza Sabato saa ngapi? Saa 12 jioni kamili, jua liwe limezama ama halijazama. Waliishi hivyo miaka karibu 10 mpaka 1855, J. N. Andrews aliposoma Biblia kwa makini akaonyesha kwamba ni machweo. Wakabadilisha. Nguruwe nayo? Mwaka wa 1858 Ellen White alimwonya mtu aliyetaka kuifanya kuwa sheria ya kanisa. Ujumbe wa afya ukaja 1863, na leo ukionekana kwa kibanda cha nguruwe, habari itafika kwa mzee wa kanisa kabla hujalipa. Hata dibaji ya imani zetu za msingi inasema zinaweza kurekebishwa kwa mkutano mkuu, Roho akiongoza watu kuelewa zaidi. Kubadilika si uasi. Swali halali ni kama mabadiliko yametoka kwa Biblia ama yametoka kwa presha, na hilo swali linahitaji watu wanaosoma.

Na hapo ndipo sisi vijana tunaanguka. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Tukautafsiri kwa lugha za mama, tukauweka kwa video za sekunde 60, bibi kijijini akaelewa. Lakini Mwongozo wa Kanisa, ambao unasema nani anapiga kura na nani anachaguliwa vipi, ni wangapi wamewahi kuufungua? Wewe unajua kwamba kama umebatizwa na jina lako liko kwa orodha na hauko chini ya nidhamu, una sauti na kura kwa mkutano wa washiriki wa kanisa lako? Si wazazi wako tu. Wewe.

Wacha nieleze venye hii ngazi inafanya kazi, kwa sababu hakuna mtu hutuambia. Washiriki wa kanisa la mtaa huchagua kamati ya uteuzi, ambayo inapendekeza viongozi. Kanisa la mtaa pia hutuma wajumbe kwa mkutano wa konferensi. Konferensi inatuma kwa yunioni. Yunioni na divisheni ndizo zinatoa majina ya wajumbe wa mkutano mkuu wa dunia. Kwa hivyo kadi iliyoinuliwa San Antonio ilianza safari yake mahali fulani, kwa benchi la kanisa la mtaa, siku ambayo tangazo lilisomwa, "Leo mchana tutakuwa na mkutano wa washiriki," na vijana wote wakatoka kwenda kula.

Najua mtasema, "Lakini wazee hawatusikii." Ni kweli mara nyingi. Nimekaa kwa mkutano mmoja, kanisa sitalitaja, ambapo dada mmoja aliuliza kwa adabu kabisa kwa nini hakuna mtu wa chini ya miaka 30 kwa kamati. Jibu alilopewa lilikuwa, "Binti yangu, subiri wakati wako." Watu wakacheka, ajenda ikasonga. Hakurudi kwa mkutano mwingine. Huyo hakupotelea duniani kwa sababu ya muziki ama heleni. Alipotea kwa sababu aliuliza swali la kweli akajibiwa kwa kicheko. Na kanisa lililoanzishwa na vijana lingefaa kuona aibu. James White alikuwa na miaka 23 wakati Ellen alipata yale maono. Uriah Smith alifanywa mhariri wa gazeti la kanisa akiwa na miaka 23 pia. Wangekuwa leo hapa, wangeambiwa waendelee kupanga viti.

Kuna kitu kingine wazee wetu wanafaa kufikiria. Hili kanisa limepigania dhamiri ya watoto wake mpaka Mahakama ya Rufaa, na 2017 likashinda. Mahakama ikasema wanafunzi Wasabato katika shule za umma wapewe nafasi ya kushika Sabato. Nilijivunia sana hiyo siku. Tuliambia serikali, msilazimishe dhamiri, sikilizeni wachache. Vizuri. Sasa hiyo roho tuilete ndani. Oktoba 2018, huko Battle Creek, kamati kuu ya dunia ilipiga kura 185 kwa 124 kuweka utaratibu wa kuonya na kukemea viongozi wasiofuata maamuzi ya kanisa, na wengi walielewa kwamba yunioni zilizokuwa zinawawekea wanawake mikono zilikuwa zinalengwa. Unaweza kutetea hiyo kura. Umoja una gharama, na kura ya dunia isipoheshimiwa haina maana. Lakini kanisa ambalo linajua uchungu wa kuwa wachache mbele ya serikali linafaa kuwa la mwisho kutumia wingi wake kama rungu.

Kwa hivyo Köhler atafanya nini? Kwa ninavyomsoma, ni mtu wa misheni, mtu wa mpangilio, na kwa mafundisho ametoka shule ile ile ya kihafidhina. Hatageuza kanisa chini juu. Suala la kuwekea wanawake mikono halikuwa hata kwa ajenda ya 2025. Anaweza kubadilisha sauti ya mazungumzo, nani anaitwa mezani, nani anasikilizwa kabla ya uamuzi. Hiyo si kitu kidogo. Lakini mafundisho yatabaki pale wajumbe watakapoyaacha, na wajumbe wengi zaidi na zaidi watakuwa watu wanaofanana na sisi.

Watu wawili walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, Novemba 1906 kuanza hii kazi Kenya: Carscallen kutoka Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi ya leo. Kwa hivyo kutoka siku ya kwanza Mwafrika alikuwa ndani. Zaidi ya miaka 100 baadaye hatuwezi kuendelea kuongea kama wageni wanaosubiri habari kutoka Marekani ifike.

Fanya vitu vitatu tu mwaka huu. Soma Mwongozo wa Kanisa, hata kama ni sura ya uchaguzi pekee. Kaa kwa mkutano wa washiriki mpaka mwisho, hata njaa ikuume. Na uliza, kwa heshima lakini bila kutetemeka, ni nani anaenda kutuwakilisha kwa konferensi na alichaguliwa vipi. Kama unaamini wanawake wasiwekewe mikono, nenda ukatetee hivyo na Biblia mkononi. Kama unaamini kama mimi, tuonane hapo.

Kanisa lako lilifanya mkutano wa mwisho wa washiriki lini? Kama hujui, anza na hilo swali Sabato hii. Jibu uniletee hapa chini.