Faharasa za Kompyuta na Mzizi wa Kitenzi

Wapo wanaoshikilia kwamba programu za kuthibitisha hoja za kihisabati hazimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Dai hili ni finyu. Mwaka 1996, William McCune wa maabara ya Argonne, Marekani, alitumia programu yake, EQP, kuthibitisha dhana tete ya Herbert Robbins iliyowatatiza wanahisabati tangu miaka ya 1930. Kompyuta ilichukua takribani siku 8. Aghalabu sifa hupewa kasi ya mashine, ilhali kasi pekee haifui dafu. Programu ya aina hii huzalisha maelfu ya semi, na kila usemi mpya sharti ulinganishwe na za awali. Pasipo faharasa, ni sawa na kusaka neno katika kamusi isiyopangwa.

Faharasa mojawapo mashuhuri ni mti wa upambanuzi. Semi husomwa kutoka kushoto, na zinazoanza sawa hushiriki tawi moja hadi zinapotofautiana. Tuchukue vitenzi vyetu viwe mfano wa semi hizo: anapika, anapikia na anapikisha vitashiriki a-na-pik-. Je, ninapika? Hiki kitatengwa mwanzoni kabisa, ingawa mzizi ni ule ule. Kiswahili hubadilika mno upande wa kushoto. Ndiyo maana watunga kamusi hawaorodheshi vitenzi kwa viambishi vya nafsi.

Mwaka 1989 Mark Stickel alieleza njia nyingine: kila kipashio huorodheshwa pamoja na mahali kilipo. Hivyo, kuna orodha ya vitenzi vyenye -pik- mahali pa mzizi, na nyingine ya vyenye -na- mahali pa njeo. Atafutaye huchukua vilivyomo katika orodha zote mbili. Kuzilinganisha orodha kuna gharama yake. Hata hivyo, naona njia hii ndiyo inayooana na mofolojia yetu. (Njia zote mbili ni vichujio tu: zaweza kuleta kisichotakiwa, kama kamusi ituleteavyo kaa la moto pamoja na kaa wa baharini, mradi zisikiache kinachotakiwa.)

Basi wahadhiri wa mofolojia wawape wanafunzi vitenzi 100 wavipange kwa njia zote mbili, kisha wahesabu hatua za kukifikia kila kimoja. Kalamu na karatasi zatosha.